Je, ni haki jimbo kumkataza mtu kufunga masega ya gari ya bei nafuu?

Bin Tabora: Ndugu wanajamvi, nawasalimu. Sisi tuishio jimbo la Colorado, Marekani, tunafahamu kwamba tangu Januari 2021 haturuhusiwi kuuziwa wala kufungiwa masega mapya ya eksozi (yaani catalytic converter, kile kifaa cha kusafisha moshi wa gari) yasiyo na kibali cha CARB, ile bodi ya hewa ya California, ilhali jirani zetu wa Wyoming wanajinunulia yale ya kiwango cha shirikisho, yaani cha serikali kuu ya Marekani, kwa bei ya chini sana. Anayeumia ni dereva wa teksi ambaye Prius yake imekatwa masega na wezi usiku, wala si mwenye gari jipya, ambaye yake yana dhamana ya miaka 8 au maili 80,000. Je, ni haki jimbo kuiga sheria ya jimbo jingine na kumtwisha gharama mtu wa kipato kidogo?

Msomi wa Lewiston: Ndugu Bin Tabora, unafuu huo una sababu yake. Masega hayo yametiwa kiduchu tu yale madini ghali yanayosafisha moshi, platini, paladiamu na rodiamu, ndiyo maana dhamana yake ya kusafisha moshi inakomea maili 25,000, wakati yale ya California yanadhaminiwa kwa maili 50,000. Hapa Maine kanuni hiyo ilianza 2018 na sijaona aliyelala njaa kwa ajili yake. Tatizo ni kwamba wengi wetu tumetoka mahali ambapo fundi huyang'oa masega, akayauza, akamfungia mteja bomba tupu, na mteja akashukuru kwamba gari limekuwa jepesi.

Fundi Aurora: Mwalimu, ya dhamana tunakubaliana, lakini hilo la mwisho silipokei. Nimefanya kazi hii Dar es Salaam kabla ya kuja huku, na magari mengi niliyoletewa masega yake yalikuwa yamekwisha kuziba au kuyeyuka, kwa sababu injini ilikuwa inakula oili au plagi zilikuwa hazichomi sawasawa. Huku hufungi kitu kwa kubahatisha. Nalala chali chini ya gari na tochi, nasoma namba ya kibali iliyogongwa kwenye bati, inayoanza na herufi D, natazama mshale unaoonyesha moshi unaelekea wapi, kisha namba hiyo naiandika kwenye ankara ya mteja. Sasa mwizi ni nani hapo?

Dada wa Denver: Kaka fundi, hakuna aliyekutaja wewe, lakini usiwatetee wote. Gereji moja ilinifungia masega ya bei poa kabla ya sheria hii, na baada ya miezi michache taa ya injini ikawaka tena na kompyuta ikasoma P0420, yaani masega hayasafishi. Nikaambiwa tatizo ni sensa, yaani kihisi, nikalipia sensa, na taa haikuzimika. Tena mnabishana juu ya mifuko tu. EPA, shirika la mazingira la serikali kuu, iliuweka ukanda huu wa Denver katika daraja la uchafuzi mkali wa ozoni mwaka 2022, na wanaoishi kando ya barabara ya I-70 katika mitaa ya Globeville na Elyria-Swansea si matajiri.

Pwani Huru: Mnapoteza muda bure. Trump alikwisha kuzifuta sheria zote za California.

Msomi wa Lewiston: Si zote, ndugu yangu. Kilichobatilishwa Juni 2025 kilihusu magari mapya, yaani ule mpango wa kukomesha uuzaji wa magari mapya ya petroli ifikapo 2035, pamoja na kanuni za malori. Masega ya kubadilishia hayakuguswa.

Bin Tabora: Mwalimu, umesema hujaona aliyelala njaa. Umewahi kumuuliza dereva ambaye gari lake limesimama uani wiki nzima akitafuta fedha za masega yenye kibali, huku kodi ya nyumba ikimsubiri? Nyie wa mshahara wa mwezi mnaijadili hewa kwa utulivu mno.

Msomi wa Lewiston: Mshahara wangu haukuwa mada. Nami nakuuliza: aliyefunga ya maili 25,000, naye ni dereva wa teksi anayetembea kutwa kucha, atayabadilisha mara ngapi kabla gari halijachoka?

Fundi Aurora: Hapo mwalimu amesema kweli, ingawa bado ananidai radhi. Kwa dereva wa teksi hayo ya bei ndogo hayafiki mbali. Bin Tabora, kabla hujanunua ya aina yoyote, fungua boneti usome kibandiko cha moshi, ununue yenye kibali cha injini yako hasa. Kisha uulize ya zamani yalikufa kwa nini, kama hayakuibwa. Injini inayokula oili itayaua hata ya California.

Bin Tabora: Yangu yaliibwa, kaka. Hilo la wezi hakuna aliyelijibu.

Dada wa Denver: Wanamuuzia nani? Mjadala uanzie hapo. California tangu 2023 inabana hata anayenunua masega yaliyotumika.

Pwani Huru: Wanawauzia mafundi.

Fundi Aurora: Tumeanza tena.