Mzimu katika riwaya: ana sheria gani, na anarudi kutafuta nini?

Mwandishi wa Himbi, Goma

Ndugu wasomaji na waandishi, ninaomba msaada wenu. Nimemaliza rasimu ya pili ya riwaya fupi inayotokea hapa Goma, na watu watatu niliowapa waisome wamekwama mahali pamoja. Msimulizi ni binti wa fundi cherehani aliyekuwa na kibanda Birere. Tarehe 17 Januari 2002, Nyiragongo ilipolipuka na lava ikashuka kupitia uwanja wa ndege na katikati ya mji hadi Ziwa Kivu, familia ilikimbilia Gisenyi, lakini baba akageuka njiani kwenda kuchukua cherehani na vitambaa vya wateja, na hakuonekana tena. Miaka mingi baadaye binti anajenga nyumba ya mbao juu ya lava ileile, palepale penye kiwanja chao, na baba anaanza kuja usiku.

Lalamiko la wasomaji ni hili: katika sura ya 3 baba anapita ukutani, lakini katika sura ya 7 anabisha hodi na kungoja afunguliwe. Katika sura ya 5 anaonekana na binti peke yake, na katika sura ya 9 jirani naye anamwamkia. Mmoja wao ameniandikia pembeni mwa ukurasa kwa wino mwekundu: "Huyu anafanya utakalo wewe, si atakalo yeye." Neno hilo limeninyima usingizi, kwa maana nilidhani aliyekwisha kufa ndiye mhusika pekee asiyefungwa na kanuni yoyote. Je, ni lazima nimwekee sheria? Na je, ni lazima awe na sababu ya kurudi, au yatosha kwamba binti anamkumbuka?

Mwalimu mstaafu, Kadutu, Bukavu

Dada mwandishi, msomaji wako wa wino mwekundu amekutendea wema. Baba kupita ukutani si kosa, na kubisha hodi si kosa. Kila moja lingekubalika likiwa peke yake. Tatizo ni kwamba hatujui jambo lolote ambalo baba huyo hawezi kulifanya, na mtu asiyeshindwa na lolote hatumhofii wala hatumhurumii.

Nilifundisha Hamlet, tamthilia ya Shakespeare, kwa miaka mingi, na karibu kila mwaka mwanafunzi mmoja aliuliza mbona mfalme aliyekufa anaonekana na walinzi kule ngomeni, lakini baadaye, chumbani mwa malkia, mwana anamwona na mama haoni kitu. Nilikuwa nikijibu harakaharaka kwamba labda Shakespeare alisahau, jibu ambalo leo linanitia aibu. Ngomeni mfalme amevaa deraya, na jambo lake linaihusu nchi nzima, kwa hiyo askari wa zamu wanamwona. Chumbani jambo ni la mume, mke na mtoto wao, na mke ambaye kwa muda mrefu amekataa kutazama anaendelea kutoona. Hakuna anayeitamka sheria hiyo, ila ukiisoma tamthilia mara ya pili unaihisi. Tena kuna jogoo: mzuka unakaribia kusema, jogoo anawika, nao hauna budi kuondoka. Mfalme mzima anafukuzwa na kuku! Udhaifu huo mdogo ndio unaotufanya tumwamini.

Toni Morrison, katika Beloved (1987), alikwenda mbali zaidi. Mtoto aliyeuawa na mama yake mwenyewe ili asirudishwe utumwani anarejea akiwa na umri ambao angeufikia kama angeishi. Ngozi yake ni laini kama ya mtoto mchanga, viatu vyake ni vipya, na siku anapofika anakunywa maji kikombe baada ya kikombe kama mtu asiyejua kushiba. Mambo hayo yote yana mzizi mmoja, nao ni kwamba huyu hakupata muda wa kukua, na sasa anaudai muda huo kwa mama yake mpaka anakaribia kummaliza. Swali lako la pili linajibika hapo, kwa sababu analolidai mfu ndilo linalomtungia sheria. Baba yako aligeuka kwa ajili ya vitambaa vya watu, na fundi aliyepokea kitambaa cha mtu asikirudishe ana deni. Basi jirani wa sura ya 9, je, alikuwa mteja wake? Kama ndiyo, acha amwone. Kama sivyo, mfute.

Mwashi msomaji, Katuba, Lubumbashi

Kwa heshima zote, Mwalimu, nakubaliana nawe nusu. Tukimfanya kila mfu awe mdai au mdaiwa, riwaya zetu zitafanana na daftari la mkopo la duka. Katika Pedro Páramo ya Juan Rulfo (1955), kijana anakwenda Comala kumtafuta baba yake, na tunasoma karibu nusu ya kitabu kabla ya kutambua kwamba kijana mwenyewe amekwisha kufa na anazungumza akiwa kaburini. Wafu wa pale hawakumjia mtu. Ni yeye aliyewaingilia. Wamejaa minong'ono, na minong'ono hiyo inatosha kuubeba mji mzima. Hata hivyo sikatai kwamba sheria ipo, maana Rulfo anatuficha jambo lakini hatudanganyi. Ukirudi ukurasa wa kwanza, kila kitu kilikuwa wazi mbele ya macho yako.

Juu ya uwezo usio na mpaka, nina aibu yangu mwenyewe. Niliwahi kuandika hadithi ya msimamizi wa mgodi aliyekufa, ambaye kila akiingia katika nyumba ya kambi ya wafanyakazi taa inawaka yenyewe. Nilijivunia sana taa ile. Jirani yangu aliisoma, akanirudishia karatasi akisema, "Kama anaweza kuwasha taa, mlete mtaani kwetu, tuna siku 4 bila umeme." Nilicheka, kisha nikaichana.

Sasa naomba niulize swali la kazi yangu. Sakafu ya kile kibanda ilikuwa wapi? Unasema nyumba mpya imesimama juu ya lava, lakini hujatuambia lava ina unene gani pale kiwanjani. Baba huyu alikufa kabla haijaganda, kwa hiyo sakafu yako mpya haijui, hajawahi kuikanyaga. Mwache atembee juu ya sakafu yake mwenyewe. Kama mwamba una mita moja na kitu, katika nyumba ya binti ataonekana kuanzia kifuani kwenda juu, akipita kati ya viti kama mtu anayevuka maji. Ukutani atapita bila uwezo wowote wa ajabu, kwa sababu kwake yeye ukuta huo haujajengwa. Na mlango asioujua hawezi kuubisha hodi.

Binti wa Ibanda, Bukavu

Jambo langu ni dogo, la sarufi. Katika kurasa ulizotubandikia hapa mwezi uliopita, mara umeandika "mzimu ulisimama", mara "mzimu alisimama". Kiswahili hakikuruhusu kukaa katikati: ukisema ulisimama umeleta kitu, ukisema alisimama umeleta mtu. Mwambao neno hilo ni pia mahali penyewe pa kutambikia, na ndivyo lilivyo katika Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla (1960). Huku Kivu, katika lugha nyingi za nyumbani, muzimu ni mtu wa ukoo mwenye jina lake, na akija tunauliza mbona alikaa kimya muda wote huu. Wasomaji wako wengi wanasali katika makanisa ambako atakayerudi usiku ataitwa pepo, na pepo hukemewa tu, hakuna anayemuuliza habari.

Said Ahmed Mohamed aliita riwaya yake Babu Alipofufuka (2001), na mpaka leo naona jina hilo ni la busara, kwa kuwa huwezi kumkemea babu. Ningekuwa wewe ningemwita Baba tangu mwanzo hadi mwisho, na neno mzimu lingetoka kinywani mwa jirani peke yake, mara moja.

Mwandishi wa Himbi, Goma

Nimekaa kimya siku chache kwa sababu nilikuwa nikipima. Karibu na hapa kuna vijana wanaochimba shimo la choo kwa nyundo na patasi katika mwamba wa 2002, na wameniruhusu nishushe futi kamba: sentimita 140 mpaka kufikia udongo mweusi wa zamani. Nimekichukua kipimo hicho kama kilivyo, nami namshukuru Mzee wa Katuba kwa swali ambalo nisingelifikiria kamwe. Nilipokaa kuandika upya, nikagundua kwamba meza ya cherehani, ambayo urefu wake haufiki hata mita, iko yote chini ya mbao za sakafu mpya. Kwa hiyo Baba anapoketi kushona haonekani hata kidogo, ila binti, akiwa kitandani, anasikia pedali ikikanyagwa chini yake.

Sura ya 7 nimeifuta, pamoja na ile hodi. Jirani amebaki, Mwalimu, kwa sharti lako: sasa ni mteja aliyeacha kitenge chake cha harusi ya dada yake, na analosema anapomwona Baba ni "Kitambaa changu?" Neno mzimu nimemwachia alitumie kesho yake, sokoni, akimsimulia mwenzake.

Ilibaki sura ya 11, ambayo binti anavuka mpaka kwenda Gisenyi na Baba anamtokea njiani. Nilitaka kuiondoa, kwa sababu niliona inaharibu sheria mpya. Kisha nikakumbuka kwamba lava ile haikufika huko, na barabara waliyoikimbilia siku ile bado iko kwenye usawa uleule. Nimeiacha. Binti anamwona mzima kwa mara ya kwanza, anashusha macho taratibu kutoka kifuani hadi chini, na kumbe ana kandambili moja tu, ya mguu wa kushoto.