Wametunyang'anya hita ili "kubana umeme", huku taa za korido zinawaka mchana kutwa!

Wakuu, nimevumilia tangu muhula uanze, leo imenishinda.

Nasoma chuo kimoja hapa Mbeya, jina naliacha. Wiki iliyopita wasimamizi wa hosteli na walinzi wamepita chumba kwa chumba wakikusanya hita za kuchemshia maji. Eti chuo kinabana umeme na kutunza mazingira. Sipingi kubana umeme, na najua hita ya kutumbukiza kwenye ndoo ni hatari. Lakini huu ni mwezi wa saba, Mbeya hii! Maji ya bomba alfajiri yanauma hadi kwenye mifupa.

Sasa njooni muone korido ya chini ya jengo la madarasa. Taa 30, zile tyubu ndefu za wati 36. Usiku zinawaka, mchana zinawaka, na jua limejaa madirishani. Kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni ni kama uniti 13 zimeteketea bure. Kwa mwezi, 390! Nyumbani kwetu Uyole tuko sita, tunahesabu tusivuke uniti 75 kwa mwezi tusije tukatolewa kwenye bei ya wateja wadogo. Korido moja inakula umeme wa nyumba tano kama yetu.

Nilikwenda kuzima mwenyewe. Swichi imefungiwa kwenye chumba chenye kufuli, ufunguo anao fundi, fundi haonekani. Mlinzi akaniambia, "Mdogo wangu, mimi nimezikuta zinawaka."

Umeme ukikatika ndiyo balaa. Jenereta inanguruma, na taa zilezile zinawaka kwa dizeli, saa sita mchana! Kila lita inayoungua inatoa zaidi ya kilo mbili na nusu za hewa ukaa. Na wakulima wa Mbarali kila kiangazi wanaambiwa wabane maji ili bwawa la Mtera lizalishe umeme. Umeme wenyewe ndio huu?

Swichi itolewe nje, tyubu zikiungua ziwekwe LED za wati 18, hosteli ziwekewe mitambo ya kupasha maji kwa jua. Barua yangu iligongwa mhuri wa kupokelewa wiki tatu zilizopita, hadi leo kimya. Leo saa nne nimepita pale, zote zinawaka.

Walio vyuo vya Iringa na kwingineko, nyie uongozi wenu mliubana vipi?