Wakodishaji wa boti nyembamba mto Thames, robo saa ya maelekezo mnaiita mafunzo?

Wakuu, ndugu zetu wengi walioko Uingereza wakiona tangazo la boti nyembamba kwenye mto Thames wanavutika: mwendo wa pole, mabata, chai juu ya maji. Wanalipa, wanafika kituoni alasiri, wanapewa maelekezo ya robo saa, na nusu yake ni jiko na choo. Kisha wanaachiwa chuma cha mita 18, tani 15 na zaidi, kisicho na breki. Huu ni uzembe na unaweza kuua.

Kwenye mfereji maji yametulia. Mtoni yanakusukuma. Ukiteremka nayo, usukani haushiki mpaka uende kasi kuyashinda, na ukirudisha nyuma boti hizi hazitii usukani kabisa. Ndiyo maana kabla ya kufunga kamba ukingoni unatafuta pana pa kutosha, unageuza omo (mbele ya boti) kuelekea maji yanakotoka, halafu unasogea taratibu. Nani anawaambia wageni hilo? Hata kana, ule mkono wa usukani unaousukuma kulia ili omo iende kushoto, mtu anaachiwa auzoee katikati ya boti za wengine.

Nanga ndiyo inayoniudhi kuliko vyote. Utaikuta chini ya sanduku la mbele, imefunikwa na viti vya kukunja, amari (kamba na mnyororo wake) haijafungwa popote. Karibu kila loki ya Thames, yaani chumba chenye mageti kinachopandisha na kushusha boti, pembeni ina ukuta ambao maji ya mto humwagikia juu yake. Injini ikizimika kabla ya kuufikia, maji yanakuvuta huko na hakuna muda wa kutafuta pingu ya mnyororo. Nanga ikae wazi, mnyororo na kamba vikiwa vimeungwa, mwisho umefungwa kwenye chuma cha boti, urefu usipungue mara tano ya kina cha maji.

Tuje kwenye loki yenyewe. Chini ya geti la juu kuna kizingiti cha zege au mawe. Ukiwa unashuka huku tezi (nyuma ya boti) iko nyuma ya alama iliyochorwa ukutani, maji yakipungua tezi inakalia kizingiti, omo inaendelea kuzama, maji yanaingia mlango wa mbele. Ikianza, funga vilango vya maji vya chini HAPO HAPO, kisha jaza chumba polepole kwa vile vya juu. Thames unazima injini, unatumia kamba mbili, mbele na nyuma. Kila moja inazungushwa kwenye nguzo na kushikwa mkononi. Usipige fundo, maana maji yakishuka boti itaning'inia. Msitegemee mlinzi wa loki: akiwa hayupo zamu, mnajihudumia wenyewe, na ukipanda mto kupita Oxford karibu mageti yote ni ya kusukuma kwa nguvu za mwili.

Mabango ya lokini nayo hayatajwi. Jekundu ni kwamba maji yana nguvu, boti zote zibaki zilipo. Ya njano yako mawili: moja linasema maji yanaongezeka, tafuta pa kuegesha, jingine linasema yanapungua, wenye injini waende kwa tahadhari. Wateja wanajua tu kwamba boti inatakiwa kurudi Ijumaa, basi wanapita.

Kuna na kifuniko cha juu ya rafadha, ile feni ya majini inayosukuma boti. Nguo au kamba ikijisokota, unazima injini, unachomoa ufunguo, ndipo unafungua na kukata kwa kisu. Kifuniko kikirudishwa bila kukazwa, rafadha ikizunguka inarusha maji ndani ya chumba cha injini, na boti inazama kutokea nyuma.

Kwa hiyo mnaokodi: dai mkufunzi apite nanyi loki moja nzima na awaonyeshe kugeuza boti mtoni. Dai kuona mwisho wa amari umefungwa wapi, na jaketi za kuokolea maisha kwa kila mtu, za watoto ziwe za saizi yao. Akikataa, usitie saini fomu ya kukabidhiwa. Na nyie wakodishaji mnaosoma hapa, jibuni: kwa nini saa moja ya mafunzo haimo kwenye bei?