Laini yangu ya Bongo imepotea nikiwa Ujerumani, narudishaje namba bila kuwepo?

Msambaa wa Leipzig (mleta uzi)
Wakuu heshima kwenu, poleni na majukumu.

Niko Leipzig, Ujerumani, tangu mwanzoni mwa 2020. Laini yangu ya Bongo niliisajili kwa alama za vidole kabla sijaondoka, lile zoezi la NIDA (mamlaka ya vitambulisho vya taifa) lililofungwa Januari ile. Muda wote nimeiweka kwenye kitochi, kile kisimu cha batani, kinachokaa dirishani, maana ndipo panaposhika mtandao. Nikitoka kazini nakiangalia kwanza kabla hata sijavua koti.

Kwenye namba ile ndiko kuliko na maisha yangu ya nyumbani. OTP za benki, zile namba za siri za kuthibitisha muamala, zinaingia huko. Pesa ya simu ya kununulia dawa za presha za mama iko huko. Fundi anayenijengea Kigamboni anaijua namba hiyo tu, na WhatsApp ya ukoo imefunguliwa kwa hiyo hiyo.

Mwezi wa tisa nilisafiri na kitochi, mkoba ukaibiwa stesheni. Usiku ule mama alinipigia kwenye simu yangu nyingine, kwangu saa nne, kwake saa tano, akaniuliza mbona fundi anasema sipatikani. Tangu hapo nahangaika. Sasa hivi nje ni barafu tupu, usingizi sipati, nyumba imesimama kwenye lenta inasubiri bati.

Nimepiga huduma kwa wateja wa mtandao husika, wanasema lazima niweke kidole mwenyewe kwa wakala. Kuna njia yoyote ya kurudisha namba bila mimi kuwepo? Mdogo wangu yuko tayari kwenda na namba yangu ya NIDA.

Naomba kuwasilisha.

Fundi Simu Kkoo
Mkuu pole. Nipo Kariakoo, kazi yangu ni hii.

Mdogo wako akienda na namba yako ya NIDA haitasaidia kitu. Mashine ya wakala inasoma kidole, inakipeleka NIDA, jibu linarudi hapo hapo kwamba kidole ni cha mwenye namba au si chake. Atakayekwambia "nipe laki nitakurudishia" atakula hela yako, au ataisajili laini kwa jina la mtu mwingine na hapo ndipo utakapolia.

La haraka ni WhatsApp. Kama bado inafanya kazi kwenye simu yako kubwa, ingia kwenye mipangilio, akaunti, badilisha namba, weka ya Ujerumani leo hii. Laini ikikaa muda mrefu bila kutumika inafungwa na namba anapewa mteja mwingine. Huyo mteja akifungua WhatsApp, wewe unatolewa nje na yeye anaanza kupokea salamu za ukoo wako. Halafu washa uthibitisho wa hatua mbili.

Benki nayo ipigie wazime huduma ya simu mpaka utakapofika.

Mwanamtama
Mimi nauliza, dawa za mama zinahusianaje na laini yako? Mama hana simu? Siku hizi kuna programu chungu nzima za kutuma hela kutoka Ulaya, zinaingia moja kwa moja kwenye namba ya mama. Mnapenda kushika hela za wazazi mkiwa mbali ili muombwe. Kaka yangu yuko Minnesota, alikuwa hivyo hivyo, mama anaomba elfu ishirini kama anaomba mkopo benki. Tukamwambia kaka, tuma kwa mama, mama ni mtu mzima. Sasa hivi mama anapanga bajeti yake mwenyewe na hata kuku ameongeza.

Msambaa wa Leipzig
Fundi, ubarikiwe sana. WhatsApp nimebadilisha sasa hivi, imekubali.

Dada Mwanamtama, mama yuko Lushoto ndani ndani, macho hayaoni vizuri, ujumbe wa simu anasomewa na watoto wa jirani. Nilikuwa nalipa duka la dawa moja kwa moja. Sikuwa namnyima.

Bado swali langu lipo. Namba.

Kitasa
Mleta uzi, mbona jibu rahisi hulitaji? Panda ndege. Laini imepotea mwezi wa tisa, Krismasi imepita, mwaka mpya umepita, nyumba imesimama, mama anaumwa. Mtu wa Ujerumani ana likizo yenye malipo. Kinachokuzuia ni nini?

Msambaa wa Leipzig
Kuna mambo ya makaratasi nayaweka sawa kwanza.

Bibi wa Ruwi
Assalaam alaykum wanangu. Mimi nipo Muscat, Ruwi, tangu miaka ya sabini, kwetu Unguja, Ng'ambo. Zamani habari ya nyumbani tulingoja barua na kaseti. Ndugu yangu marehemu akijirekodi kwenye kaseti, anamtia mgeni anayesafiri mkononi, tunaisikiliza sote tumekaa chini sebuleni, mpaka jogoo wa kwetu akiwika tunamjua. Leo mjukuu wangu ananionesha harusi ya Unguja kwenye simu, na bado watu hawajuani. Simu imepotea na mtu mzima kapotea nayo.

Mwanangu wa Ujerumani, hayo makaratasi yako yaseme. Sisi tuliotangulia tunayajua makaratasi.

Kitasa
Bibi shikamoo. Umeniwahi. Makaratasi gani mkuu? Kibali kimekwisha? Umejilipua, yaani umeomba ukimbizi?

Kinyozi wa Sinza
Nimeweka kiti. Uzi huu una ghorofa ya pili.

Msambaa wa Leipzig
Shikamoo bibi.

Haya, nasema ili nisaidiwe. Sijajilipua na kibali hakijaisha. Mwaka jana nilipewa uraia wa Ujerumani. Sheria yao ilibadilika tarehe 27 Juni 2024, ikapunguza miaka ya kungoja kutoka minane hadi mitano na ikaondoa sharti la kuukana uraia wa kwanza. Hawakuniambia nirudishe pasi ya Tanzania. Ninayo, ile ya kielektroniki niliyoichukua 2018, inaisha 2028.

Naomba nieleweke. Nilichukua uraia kwa sababu ya kazi. Mimi ni muuguzi, nilitaka kuhama hospitali bila kila mara kupanga foleni ofisi ya wageni na furushi la karatasi. Sikuikana Tanzania hata kwa neno moja.

Mpango wangu ni huu, na tiketi nimeshakata: natoka Ujerumani na pasi yao, naingia Dar na pasi yangu ya Tanzania, naweka kidole, narudisha namba, nalipa bati, nakaa na mama, narudi. Kidole ni changu na NIDA ni yangu. Simuibii mtu.

Mzalendo Nkuhungu
Kumbe! Unakula kiapo kwa taifa la watu halafu unarudi na pasi yetu mfukoni kama hakuna kilichotokea. Nchi si laini mbili kwenye simu moja, ukichoka hii unawasha ile. Sisi tunaokatiwa maji ndio wenye nchi.

Kamau wa Nakuru
Poleni majirani. Sisi Kenya katiba ya 2010 ilimaliza hayo maneno, mtu aliyezaliwa Mkenya anashika uraia wa pili bila kupoteza wa kwanza. Binamu yangu yuko Boston na kitambulisho chake cha Kenya anacho na kura anapiga. Mjifunze.

Mzalendo Nkuhungu
Kamau hatujakuuliza.

Wakili wa Chini ya Mwembe
Nimeacha kesi ya mtu mezani ili nijibu hili, kwa hiyo lisomwe vizuri.

Sheria ya Uraia ya Tanzania, Sura ya 357, ya 1995, haihitaji wewe useme umeikana nchi. Mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake, wa Tanzania unakoma. Ujerumani kuruhusu uraia wa pili kunafungua mlango wa upande wao tu, wa kwetu umefungwa. Maana yake pasi iliyo mkononi mwako imebaki kuwa kitabu. Ukiitumia kuingilia nchini unajitangaza raia wakati si raia, na hilo ni kosa la jinai, si suala la kuonywa ukaachwa.

Sasa wewe unalia na namba ya simu wakati tatizo kubwa zaidi umelitaja juu juu: Kigamboni. Kiwanja kina jina la nani? Sheria ya Ardhi ya 1999, ilivyotungwa, haikumruhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Hapo ndipo utafute mwanasheria kabla ya kutafuta wakala wa laini. Na uulize ubalozi wa Tanzania, Berlin, kuhusu hadhi maalum ya diaspora iliyozungumzwa sana bungeni, imefika wapi na inakupa nini kwenye ardhi.

Msambaa wa Leipzig
Kiwanja kina jina langu. Nilikinunua nikiwa raia kamili, kwa mshahara wangu wa Muhimbili.

Wakili nakuheshimu, ila niambie ukweli: watu wangapi wanafanya hivi kila Desemba? Ninaowafahamu mimi tu ni wengi, na hakuna aliyeguswa. Tiketi hairudishiwi hela. Mama ana umri mkubwa. Mnataka niingie kwetu kwa viza ya dola 50, nipange mstari na watalii wa Serengeti, ofisa aniulize kwa Kiingereza nimekuja kufanya nini?

Abiria wa Usiku
Kuingia utaingia. Shida ni kutoka, na hapo ndipo wengi hawafikirii.

Siku ya kuondoka, kaunta ya shirika la ndege wanataka kuona unaruhusiwa vipi kuingia Ujerumani. Ukiwapa pasi ya Tanzania, kibali cha kuishi kiko wapi? Ulipopewa uraia si walikichukua? Itabidi utoe pasi ya Ujerumani, watu wa ndege wataridhika. Unasogea uhamiaji. Ukimpa ofisa pasi ya Ujerumani, haina muhuri wa kuingia. Ukimpa ya Tanzania, atakuuliza unakwenda Ulaya na viza gani. Umesimama hapo na pasi mbili, nyuma yako foleni, na yeye anakuangalia tu.

Nimemuona jamaa akitolewa pembeni hivyo hivyo, Terminal 3. Ndege iliondoka bila yeye. Mke wake alikuwa ameshapita, analia upande wa pili wa kioo.

Mpenda Ushahidi
Jamani mnampa mtu ushauri bure. Hii ni chai, tena ya maziwa.

Kwanza, anasema mama alipiga kwake saa nne, Tanzania saa tano. Tofauti ya saa moja. Nimesoma Hamburg, nje kukiwa na barafu tofauti ni saa mbili. Pili, kitochi Ujerumani? Walizima 3G 2021, hizo simu za batani zinashika mtandao gani? Tatu, muuguzi wa Ulaya anashindwa kulipa bati kwa sababu ya laini ya simu? Katunga ili tugombane kuhusu uraia pacha. Wiki inayofuata atakuja na jina jingine yuko Toronto.

Kinyozi wa Sinza
Aisee. Saa ndizo zimemkamata. Mleta uzi tetea saa.

Mwanamtama
Mimi nilihisi tangu mwanzo kwenye duka la dawa.

Fundi Simu Kkoo
La kitochi nalijibu mimi. Vitochi vingi vinatumia 2G. Ujerumani walizima 3G, 2G waliiacha. Nina wateja wengi wa nje wanabeba vitochi kwa ajili ya OTP tu, chaji inakaa wiki. Hapo hajadanganya.

Msambaa wa Leipzig
Mpenda Ushahidi, soma tena. Nilisema mkoba uliibiwa mwezi wa tisa na mama alipiga usiku ule. Mwezi wa tisa bado ni saa za kiangazi, tofauti ni moja. Saa zinarudishwa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, ndipo zinakuwa mbili. Barafu ni ya leo. Kama ulisoma Hamburg unalijua hilo.

Na bati sishindwi kulipa. Hela iko kwenye akaunti ya Bongo, nilikuwa naiweka kidogo kidogo ili isiguswe. Kila muamala unataka OTP, na OTP inakwenda kwenye namba iliyokufa. Sina sababu ya kutunga mama yangu.

Mpenda Ushahidi
La saa umelijibu. Mengine nabaki nayo.

Bibi wa Ruwi
Marahaba mwanangu, ile shikamoo yako sikuiitikia kwa kelele za hapa.

Mimi nyumba ya baba yangu ipo Ng'ambo mpaka leo. Naingia Unguja na pasi ya Oman, nalipa viza, nalipa na ile bima ya dola 44 waliyoianzisha Oktoba 2024. Mara ya kwanza nililia kwenye foleni, sikufichi. Yule kijana wa uhamiaji akaniamkia, akaniuliza bibi umerudi? Akagonga muhuri. Nikanunua laini dukani kwa pasi yangu ya kigeni, sikuulizwa NIDA, nikampa ndugu yangu namba mpya, maisha yakaendelea. Namba ya zamani niliiacha.

Tiketi unayo. Njoo nayo hiyo hiyo, badilisha pasi ya kuingilia tu. Mama yako hatakuuliza umeingia na kitabu cha rangi gani.

Wakili wa Chini ya Mwembe
Bibi kamaliza. Laini ya mgeni inasajiliwa kwa pasi na kidole, ni utaratibu wa kawaida. Benki uende mwenyewe tawini, uwaambie hali yako ya uraia ilivyo, ubadilishe namba. Usiingie na maelezo mawili.

Msambaa wa Leipzig
Nimesoma yote. Ya Abiria wa Usiku sikuwa nimeyafikiria, kibali kweli walikichukua siku waliyonipa cheti cha uraia.

Viza ya mtandaoni nimeifungua fomu, nimefika kwenye kipengele cha uraia wa kuzaliwa, nimeisimamisha hapo kwanza. Tiketi ni ya mwisho wa mwezi. Kesho nitampigia fundi kwa WhatsApp asubiri bati.

Mwenye uzoefu wa kubadilisha akaunti ya benki kutoka jina la raia kwenda la mgeni, akiwa na hela ndani, naomba aje inbox. Wanaifunga kwanza au unaendelea kuitumia?