Majani yamefika kifuani kiwanjani, nibaki na fyekeo au ninunue mashine?

Mama_Wawili
Wakuu habari zenu. Nina kiwanja Kibaha kama robo eka hivi, sijajenga bado ila kuna kibanda cha mlinzi na miembe miwili, sasa na hizi mvua za masika majani yamepanda mpaka kifuani na majirani wana haki ya kulalamika maana nyoka wanaanza kuonekana. Kijana anayenifyekea anashinda siku nzima anamaliza kakipande kadogo, na majani mengine yanalala tu hayakatiki, kesho ukienda yameshainuka. Naomba ushauri, ninunue ile mashine ya kuvaa begani, au zile za kusukuma zenye matairi, au nitafute tu fyekeo zuri? Na utunzaji ukoje jamani, sitaki kitu ambacho baada ya miezi kadhaa kinakaa stoo hakiwaki.

fundi_bustani
Dada ya kusukuma achana nayo kabisa, ile ni ya nyasi fupi za ukoka ambazo zinakatwa kila wiki mbili, majani ya kifuani yanaziba pale chini blade inakwama injini inazima, na kiwanja ambacho hakijasawazishwa kina visiki na mawe. Kama ni mashine basi ni ya begani.

Ila kabla hujatoa hela, muulize huyo kijana mara ya mwisho kanoa lini. Majani kulala badala ya kukatika hiyo ni dalili ya fyekeo butu, hakuna kingine. Mafyekeo mengi yanauzwa hayajanolewa vizuri, yana makali ya jina tu. Nunua tupa bapa moja, bana fyekeo kwenye jiliwa (kama huna, mtu akalie mpini kwenye benchi), halafu piga tupa kwa kusukuma mbele tu, usirudishe huku umekandamiza maana unaua meno ya tupa. Fuata mlalo ule ule wa makali toka mwanzo hadi mwisho, noa pande zote mbili kwa sababu fyekeo linakata kwenda na kurudi. Na akiwa kazini awe nayo tupa mfukoni, kila akipumzika anapitisha kidogo. Wanaopeleka kwenye grainda wawe makini, chuma kikipata moto mpaka kikabadilika rangi kuwa bluu pale kwenye makali ugumu umeshaondoka, hakitashika tena makali.

Ukinunua jipya angalia bapa lisiwe jembamba la kupindika kwa mkono. Pale Gerezani, Dar, kuna mafundi wanatengeneza kwa springi za gari, mazito kidogo lakini makali yanadumu.

shamba_la_babu
Naunga mkono hapo juu, naongezea aanze alfajiri majani yakiwa na umande yanakatika vizuri zaidi kuliko saa saba yakiwa makavu. Na marefu hivyo asipige chini moja kwa moja, akate kwanza nusu ya juu ndo arudie shina, mkono hauchoki.

Kiprono_EL
Mimi niko Eldoret, slesha (fyekeo) iko sawa kwa mtu ako na nguvu na muda lakini robo eka kila msimu mi ningechukua mashine ya begani. Muhimu ujue unanunua ya tu-stroku ama ya fo-stroku. Tu-stroku unachanganya oil kwa petroli, ukiambiwa 50 kwa 1 hiyo ni mililita 20 za oil kwa lita 1, ukiambiwa 25 kwa 1 ni mililita 40, soma kitabu yake na upime, usimwage tu kwa macho, maana oil ikiwa kidogo pistoni inakwaruzika na injini imeisha. Fo-stroku kama hizo za Honda oil inakaa kivyake kwa injini, petroli unaweka tupu, kwa mtu hatumii kila siku naona ni rahisi.

Zile hukufa stoo karibu zote ni petroli iliachwa ndani. Ikikaa miezi inaacha utando kwa kabureta na haiwaki tena. Ukimaliza msimu mwaga tanki, washa mpaka izime yenyewe, toa eafilta uioshe ikauke, ndio uweke.

Mama_Wawili
Asanteni sana. Na kwenye mashine nifunge uzi wa nailoni au blade? Kuna watoto wa jirani wanapita pita hapo.

Kiprono_EL
Kwa majani hayo funga blade ya meno matatu, uzi utajizungushia majani marefu mpaka usimame. Uzi utumie kando ya ukuta na kuzunguka miembe, ila usiguse shina, unachubua gome na mti unaweza kukauka. Nati ya blade kwa mashine nyingi inafunguka kwa kugeuza upande wa kufungia, usiilazimishe. Watoto wakae mbali mita 15 na zaidi, jiwe likirushwa ni hatari sana, na anayekata avae miwani, gambuti na suruali nzito, apite kwanza akiokota mawe na waya.

fundi_bustani
Kwa hali ya sasa dada, noeni hilo fyekeo mfyeke wiki hii kabla majani hayajatoa mbegu, yakishamwaga mbegu msimu ujao kazi ni ile ile. Mashine itafute taratibu kiangazi. Na hayo yaliyokatwa usichome, tandaza chini ya miembe ila yaache nafasi kidogo na shina.