Mafaili ya kale ya Nyanza na Magharibi: yapigwe picha yote na kuwekwa mtandaoni?

Mwana Dunga: Mtu wa Siaya anayetaka ripoti ya DC (mkuu wa wilaya wa kikoloni) ya 1931 asilazimike kupanda basi hadi Nyaraka za Taifa, Nairobi. Zipigwe picha, zipitishwe kwenye Tesseract, programu ya kusoma herufi zilizo pichani, zitafutike kwa neno. Hii ni kazi ya kompyuta, si ya makarani wa kupanga faili. Ukiandika "North Kavirondo" tu, jina la wilaya enzi za ukoloni, Kakamega yote inakuja.

Bi Jalada: Kupanga faili ndiyo kazi yenyewe, ndugu yangu. Picha 4,000 zinazoitwa IMG fulani, bila namba ya faili, zimepotea kuliko zilivyokuwa ndani ya boksi. Andika DC_NN_1 (NN ni North Nyanza), kisha namba ya ukurasa. Ule mkwaju wa DC/NN/1 kompyuta haiukubali katika jina. Na ripoti iliyopigwa taipu vizuri Tesseract itaisoma, lakini nakala ya kaboni kwenye karatasi laini? "e", "c" na "o" zote ni doa moja. Weka karatasi nyeupe nyuma ya kila ukurasa, la sivyo wa chini unajitokeza.

Fundi wa Milimani: Nyeupe ni kwa iliyoandikwa upande mmoja. Ikiandikwa pande zote mbili weka nyeusi, maana nyeupe inarudisha mwanga na maandishi ya nyuma yanapenya.

Bi Jalada: Kweli, nakubali. Na pini zenye kutu zitolewe taratibu, zisivutwe, karatasi inachanika palepale penye sahihi.

Mulembe Halisi: Mimi nimekwama kwenye "North Kavirondo". Waluhya na Wajaluo tulibandikwa jina moja, eti "Bantu Kavirondo" na "Nilotic Kavirondo". Leo mtoto wa Vihiga atafute historia yake kwa jina hilo? Lifutwe.

Mwana Dunga: Hakuna aliyekuambia ulipende. Ndilo lililo kwenye jalada.

Mulembe Halisi: Wewe ndiwe uliyelitumia kama neno la kutafutia. Usijifiche nyuma ya jalada.

Fundi wa Milimani: Ukilifuta, barua haipatikani tena. Kila mahali pape namba moja, majina yote yaning'inie hapo: Port Florence na Kisumu namba moja. Ila North Kavirondo msiifunge na Kakamega peke yake, wilaya ile ilibeba Bungoma na Vihiga pia. Na kabla ya 1902 Kisumu ilikuwa chini ya Uganda, kwa hiyo mtafutaji wa karatasi za wakati huo aanzie huko.

Mulembe Halisi: Usinizungushe na namba. Ukurasa ukifunguka, jina gani linakaa juu kwa herufi kubwa?

Fundi wa Milimani: La sasa juu. La zamani chini yake, ndani ya alama za kunukuu, kama lilivyoandikwa.

Bi Jalada: Mnagombania jina na ekari hamzitaji. Mashine ikisoma herufi 98 kwa 100, ukurasa wa herufi 2,000 una makosa 40. Kosa moja likigeuza ekari 18 kuwa 13, mtu anachapisha na kuipeleka kwenye kesi ya shamba. Maandishi ya mashine yasitoke kamwe bila picha ya ukurasa kando yake. Yale ya mkono pembeni mwa barua Tesseract haiyawezi. Transkribus, programu ya kusoma mwandiko, ukitaka kuifundisha mwandiko wenyewe inataka maneno 5,000 hadi 15,000 yaliyonakiliwa na mtu. Karani huyo huyo.

Mwana Dunga: Hilo la karani nalirudisha, dada, nilikosea. Nafasi itatosha?

Bi Jalada: Karatasi ya inchi 8 kwa 13, rangi, nukta 400 kwa inchi, bila kubanwa, ni kama MB 50. Kurasa 10,000 ni GB 500, na nakala ziwe tatu, moja nje ya jengo.

Mulembe Halisi: Na ramani zenye "Kavirondo Gulf"? Winam, jina la sasa la ghuba hiyo, itakaa wapi?