Besi ya maltiskeli nyuzi tano: EHB1005MS, SRMS805 au Combustion? Au ningoje Januari?

NyuziTano_Uyole
Habari za jioni wakuu. Natafuta besi ya maltiskeli (uzi mnene ni mrefu kuliko mwembamba, na freti, yaani vyuma vya shingoni, zimelala mshazari), lazima iwe mkononi kabla ya Pasaka. Nimebakiza tatu: Ibanez EHB1005MS, Ibanez SRMS805 ya mtumba, na Dingwall Combustion. Kuna anayenishauri ningoje maonyesho ya vyombo vya muziki ya NAMM ya Januari kule Anaheim, huenda yakatangazwa matoleo mapya. Ipi bora?

FundiShingo
Bora kwa kazi gani, mkuu? Hujataja bajeti. Hujasema unatuni B-E-A-D-G ya kawaida (nyuzi toka nene hadi nyembamba) au unashusha. Hujasema ni kwaya, bendi ya sebene au kurekodi chumbani. Bila hayo kila mtu atakutajia anayoipenda yeye.

Hizo tatu zimeachana sana. Combustion ya nyuzi tano ina inchi 37 upande wa B na 34 upande wa G. SRMS805 ni 35.5 kwa 34. EHB1005MS ni 35 kwa 33, tena haina kichwa. Uzi uleule ukiutuni noti ileile, mkazo wake hupanda kwa mraba wa urefu. Ukitoka 34 kwenda 35 unapata nyongeza ya asilimia 6 hivi, 35.5 ni asilimia 9, 37 ni asilimia 18. Hiyo 18 kidole kinaijua siku ya kwanza: B inasimama kama E, hailegei ukiichapa.

Sebene_Mwanjelwa
Chukua EHB, usizunguke. Mtu wa sebene kazi yake kubwa iko A, D na G, huko juu ya freti ya saba. G ya inchi 33 ni laini, inaruka vizuri. Na gita lisilo na kichwa halining'inii upande wa shingo, unasimama saa tatu bila bega kulalamika.

FundiShingo
Ndiyo maana nimeuliza kazi yake kwanza. Kwa sebene nakubaliana nawe. Ila akiwa anashuka hadi A chini ya B, ile B ya inchi 35 itaanza kulegea. Kushusha tuni toni nzima kunapunguza mkazo kwa asilimia 21. Nyongeza ya 6 haiwezi kufidia hapo.

DadaBesi_Iringa
Naongeza jambo la mkono, maana wengi wanaliacha. Toka nati ya shingo (kipande chenye mifereji ya nyuzi, mwanzoni mwa shingo) hadi freti ya nne kwenye uzi wa B: gita la inchi 34 ni milimita 178, la 35 ni 183, la 37 ni 194. Milimita 16 kati ya la kwanza na la mwisho, na vidole vyako ni vilevile vinne. Anayepiga kidole kimoja kwa freti moja ataona taabu kwenye F na F♯ za chini. Anayetumia mtindo wa kontrabesi, yaani kidole cha kwanza, cha pili na cha nne kwa freti tatu, hatasumbuka.

Freti zenyewe zilivyolala mshazari zisikutishe. Katikati ya shingo mkono hauoni tofauti. Unapoiona ni kwenye kodi (noti kadhaa kwa pamoja) za freti ya kwanza na ya pili, na kule juu kabisa.

Makambako_Chini
Kabla hujalipia inchi 37, jiulize nyuzi utazipata wapi. Kuna Combustion ya kwaya moja ya huku ambayo iliharibikia hapo. Nyuzi za kiwandani zilipochoka, duka liliwauzia pakiti iliyoandikwa Long Scale, yaani za gita la inchi 34. Uzi wa B ukaingia, ukafika kwenye funguo, wakaona sawa. Kumbe msokoto mnene ulikuwa umeishia kabla ya nati, sehemu nyembamba ndiyo iliyokaa kwenye mfereji. Uzi ukawa umezama, B ya wazi inakwaruza na haina mwili.

Fundi akadhani mfereji umechimbika. Akaujaza unga wa mfupa na gundi kali, akauchonga upya kufuata ile sehemu nyembamba. Zilipokuja nyuzi sahihi, uzi wa 130 ukagoma kuingia. Ukawa umekaa juu ya mfereji, na ukibonyeza freti ya kwanza noti inapanda. Wakashusha daraja ili uzi ukaribie shingo, sasa freti za juu zikaanza kukwaruza. Mwisho ilibidi mfereji upigwe tupa tena hadi milimita 3.4 (uzi wa 130 una unene wa 3.3), na daraja lirudishwe. Pakiti mbili za nyuzi zilipotea, na besi ikakaa kabatini msimu mzima wa mikesha.

Kinga yake ni futi ya fundi cherehani. Pima toka shanga ya uzi inapokaa kwenye daraja hadi nati, upande wa B. Ongeza sentimita 3. Msokoto mnene wa uzi unaonunua usipungue hapo. Usipojua urefu wa msokoto, usinunue.

MtuWaMixa
Mnapigania B wakati spika haziitoi. B ya wazi ni hezi 30.9 (mitetemo kwa sekunde). Kabineti nyingi za spika tulizonazo makanisani zinaanza kufifia hata kabla ya kushuka hadi hapo. Nunua spika kwanza.

FundiShingo
Hapana kaka, sikio halihitaji ile 30.9 yenyewe ili lijue ni B. Linaisoma kutoka hezi 62, 93 na kuendelea. Uzi mfupi na mnene ni mgumu kupinda, kwa hiyo hizo za juu zinapanda kidogo kupita mahali pake, na noti inakuwa ya matope. Uzi mrefu unazipanga vizuri zaidi. Kwa hiyo hata kwenye spika ndogo utasikia B ya 37 imesimama.

MtuWaMixa
Basi aweke uzi wa 135 badala ya 130 kwenye besi aliyonayo. Mkazo unapanda kama asilimia 8, hela inabaki.

FundiShingo
Mkazo unapanda, ugumu nao unapanda. Umeponya kidole, umeacha matope palepale.

NyuziTano_Uyole
Samahani kwa kuchelewa. Napigia kwaya na kusifu na kuabudu, tuni ya kawaida, mara chache nashusha nusu toni. Bajeti milioni 3.5.

DadaBesi_Iringa
Hiyo milioni 3.5 ni ya gita peke yake, au na kulitoa bandarini? Ushuru unahesabiwa juu ya bei pamoja na nauli na bima, kisha VAT ya asilimia 18 inakuja juu ya jumla hiyo pamoja na ushuru. Combustion mpya itoe kwenye orodha. Kwa nusu toni mkazo unapungua asilimia 11, SRMS805 inabeba bila shida.

Sebene_Mwanjelwa
EHB nayo inabeba. Na ina swichi ya kuizima prii-ampu (kikuza sauti cha ndani ya besi): betri ya volti 9 ikifa katikati ya ibada unaendelea kupiga.

Makambako_Chini
EHB haihitaji nyuzi maalumu, inchi 35 zinapatikana. Angalizo moja: kule juu uzi unabanwa kwa skrubu kisha unakatwa. Uvute, ubane na uukaze kwanza, ndipo ukate mkia. Ukikata kabla ya kubana, msokoto unaweza kufunguka na uzi ukafa ukiwa mpya.

NyuziTano_Uyole
Na kuhusu kungoja Januari?

FundiShingo
Tangazo la Januari si mzigo wa Januari. Kitu kikitangazwa, miezi inapita kabla hakijafika madukani nje, na sisi ni baadaye zaidi. Pasaka haitakukuta nacho. Kinachonipa moyo ni kwamba uwanja umepanuka. Hataza (haki ya mvumbuzi) ya Ralph Novak ya freti za feni, yaani hizi za mshazari, ni ya 1989, na miaka mingi Dingwall wa Saskatoon, Kanada, walitengeneza kwa leseni yake. Muda wake ulipoisha, wengine wakaingia. Spector nao wana NS Dimension, nyuzi tano ni 37 kwa 34. Ninayoingoja mimi ni ya 36 kwa 34 kwa bei ya chini.

DadaBesi_Iringa
Mimi naingoja nyepesi yenye pikapu (sumaku zinazonasa sauti ya nyuzi) za umbo la kawaida. Hizi za mshazari zikiungua, huwezi kuweka yoyote iliyoko dukani.

Njombe_Baridi
Mnaohifadhi besi huku kwetu, Juni na Julai mnafanyaje? Hewa ikikauka, ubao wa shingo unasinyaa na ncha za freti zinachomoza, zinakata kiganja. Kwenye freti za mshazari kila ncha ya freti ina kona moja kali zaidi. Tupa ya kawaida inafaa, au inakwaruza ubao?

FundiShingo
Usiguse tupa kabla ya kuirudishia unyevu. Iweke kwenye begi lililofungwa, na sponji yenye maji iliyokamuliwa ndani ya kopo lenye matundu, wiki mbili. Zikibaki zimechomoza, bandika utepe wa karatasi wenye gundi pande zote za freti, tumia tupa ndogo ya pembetatu iliyosagwa kingo. Ni shingo ya mti gani?

Njombe_Baridi
Sijui mti wake, ubao ni mweusi. SRMS805.

NyuziTano_Uyole
Mkuu wa Njombe, hiyo SRMS805 unaiuza?